Ukuta wa moto unakataa anwani ya IP? Mwongozo kamili wa kutafuta kosa na kulirekebisha

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mwenye saiba Kondele anasema ukuta wa moto (firewall, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) umekubali kila alichoandika, lakini kompyuta hazifiki kwenye intaneti. Mwalimu wa maabara ya kompyuta huko Njoro anasema kila akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, maandishi mekundu yanajitokeza na kazi inagoma. Karani wa sacco yenye ofisi Nakuru na tawi Kisumu anaona VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti) imeungana, taa zote ni za kijani, ila printa ya upande wa pili haionekani.

Ukichimba, chanzo mara nyingi ni kimoja. Mtu ameandika anwani bila kuijali maski yake (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao), kwa hiyo hajui mtandao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ukuta wa moto kazi yake ni kukaa mpakani. Usipouonyesha mpaka, hauwezi kufanya lolote.

Mifano hapa ni ya pfSense, programu ya ukuta wa moto, kwa sababu ni ya bure na inakubali kukaa kwenye kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao. OPNsense ni ndugu yake wa karibu. Kwenye ruta za MikroTik menyu ni tofauti, ila hesabu ya anwani ni ile ile.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Laptopu yenye tundu la kebo ya mtandao. Usifanye kazi hii kupitia Wi-Fi; katikati ya kazi simu au laptopu itarukia mtandao mwingine na utasoma majibu ya uongo.
- Kebo mbili ambazo una hakika ni nzima.
- Skrini na kibodi za kuchomeka kwenye mashine yenyewe ya ukuta wa moto. Ukikosea anwani ya LAN (upande wa ndani wa mtandao), ukurasa wa kivinjari utapotea na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kurudi.
- Barua au ujumbe wa mtoa huduma wa intaneti wenye vitu vinne: anwani yako, maski, lango (kifaa kinachokupeleka nje ya mtandao wako), na DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Kama hukupewa anwani, uliza kama ni DHCP (anwani hugawiwa yenyewe) au PPPoE (unaingia kwa jina la mtumiaji na nywila).
- Nakala rudufu ya mipangilio iliyopo, hata kama ni mibovu.
- Simu yenye bando, maana utakapokuwa umezima intaneti ya ofisi ndipo utakapohitaji kutafuta kitu.
- UPS, yaani betri ya akiba. Radi za alasiri za Kisumu na Kakamega hazingoji umalize kuhifadhi.
- Karatasi na kalamu. Hivi ndivyo watu huviruka, na ndivyo vya maana kuliko vyote kwenye orodha hii.

Fanya kazi hii baada ya saa za ofisi. Kwenye sacco, epuka mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 1: Chora mtandao kwenye karatasi

Andika kila mlango wa ukuta wa moto, anwani yake, na maski yake. WAN ni mlango wa nje, upande wa mtoa huduma; LAN ni wa ndani. Kwa ofisi ya Nakuru karatasi inaweza kusomeka hivi:

- WAN: 203.0.113.42/29, lango 203.0.113.41
- LAN: 10.32.10.1/24, lango: hakuna
- DHCP ya LAN: 10.32.10.100 hadi 10.32.10.199
- Printa, kamera na seva: 10.32.10.10 hadi 10.32.10.49

Usinakili hiyo anwani ya WAN. Kundi la 203.0.113.0/24 limetengwa kwa mifano tu, halifanyi kazi popote.

Sasa maski. Ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke nyumba namba 42 bila kutaja kama ni mtaa wa Section 58 au Milimani, hatawasha pikipiki. Anwani bila maski iko hivyo hivyo. Maski ya /24, yaani 255.255.255.0, ina anwani 256, na zinazotumika ni 254. Maski ya /29, yaani 255.255.255.248, ina anwani 8, zinazotumika 6. Ya /30 ina 4, zinazotumika 2. Mbili zinazokosekana kila mara ni ya kwanza, ambayo ni utambulisho wa mtandao wenyewe, na ya mwisho, ambayo ni ya kutangazia wote.

Hesabu ya /29 ni rahisi: toa 248 kwenye 256, unabaki na 8. Mitandao huanzia kwenye namba zinazogawanyika kwa 8: 0, 8, 16, 24, 32, 40, 48 na kuendelea. Namba 42 imo kati ya 40 na 47. Kwa hiyo 40 na 47 haziguswi, 41 ni ya lango la mtoa huduma, na wewe una 42 hadi 46. Ukiandika 40 kwenye mlango wa WAN, ukuta wa moto utakataa, na hautakuwa umekosea.

Kwa upande wa ndani, chagua kutoka makundi matatu ya anwani za faragha: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Kundi la kati huwaponza wengi. 172.32.5.1 inafanana na ya faragha lakini si ya faragha. Ni mali ya mtu mwingine kwenye intaneti.

Mimi hushauri 10. Na epuka kabisa mitandao ambayo vifaa hutoka nayo kiwandani: 192.168.0.x, 192.168.1.x, 192.168.8.x na 192.168.100.x za modemu nyingi, na 192.168.88.x ya MikroTik.

Umefaulu ikiwa unaweza kunyooshea kidole kila mtandao kwenye karatasi na kutaja anwani yake ya kwanza na ya mwisho, na hakuna miwili inayopandana.

## Hatua ya 2: Soma laptopu yako imepata nini

Chomeka laptopu kwenye LAN ya ukuta wa moto, fungua dirisha la amri la Windows, andika:

`ipconfig /all`

Kwenye Linux tumia `ip addr` na `ip route`. Jibu litakuwa mojawapo ya haya.

Ukiona 169.254 mwanzoni, laptopu iliomba anwani na hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Hapo usihangaike na kanuni za ukuta wa moto (maagizo ya nini kipite na nini kizuiwe). Kebo imelegea, umechomeka kwenye mlango usio sahihi, au DHCP imezimwa. Kwenye mashine yenye kadi mbili, kubadilishana WAN na LAN ni kosa la kila siku: sogeza kebo kwenye tundu la pili kisha jaribu tena.

Ukiona anwani ya kundi ulilopanga, angalia na mstari wa seva ya DHCP. Lazima iwe anwani ya ukuta wako wa moto. Ikiwa ni nyingine, kuna kifaa kingine kinachogawa anwani humo ndani. Ruka hadi hatua ya 6.

Ukiona anwani ya kundi usilolijua kabisa, huenda ni ya zamani iliyobaki. Andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`.

## Hatua ya 3: Tambua WAN yako imepewa anwani ya aina gani

Ingia kwenye pfSense, tazama ukurasa wa mwanzo, mstari wa WAN. Hapa ndipo mambo mengi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anwani ya faragha, kwa mfano 192.168.1.7. Kifaa cha mtoa huduma ni ruta kamili, nacho kinagawa anwani zake. pfSense nayo hutoka kiwandani na LAN ya 192.168.1.1/24. Sasa pande zote mbili za mpaka zina mtandao mmoja! Kompyuta ikituma pakiti (kipande cha data) kwenda 192.168.1.1, mashine haiwezi kujua ni ndani au nje. Ukijaribu kuweka WAN kwa mkono, utapata onyo kwamba anwani inaingiliana na LAN. Ukiacha WAN kwenye DHCP, huenda usione onyo lolote, ila intaneti haipiti.

Dawa ni kubadilisha LAN, si WAN. WAN si yako kuichagua. Fanya hivi:

1. Chomoa kebo ya WAN.
2. Kwenye skrini ya mashine yenyewe, chagua namba 2, ya kuweka anwani za milango.
3. Chagua LAN, andika 10.32.10.1, kisha 24 kwa maski.
4. Ikikuuliza lango la juu kwa LAN, bonyeza Enter bila kuandika kitu.
5. Ikikuuliza kama iwashe DHCP, kubali, na uandike masafa mapya. Masafa ya zamani ya 192.168.1 hayawezi kukaa ndani ya mtandao mpya.
6. Kwenye laptopu, `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`, kisha fungua https://10.32.10.1.
7. Rudisha kebo ya WAN.

Namba 4 ya orodha hii ina sababu. Ukiiwekea LAN lango, pfSense huanza kuichukulia kama mlango wa nje na kubadilisha namna inavyotafsiri anwani za ndani kuwa ya nje. Intaneti inaweza kufanya kazi nusu, jambo ambalo ni baya kuliko kutofanya kabisa.

Wengi wakiona WAN ya faragha hukimbilia kulaumu kisanduku cha "Block private networks". Kisanduku hicho huzuia miunganisho inayoanzishwa kutoka upande wa nje na anwani za faragha. Hakizuii majibu ya kurasa ulizoomba wewe. Kiondoe tu ikiwa unataka kufika kwenye ukuta wa moto ukiwa upande wa ruta ya mtoa huduma.

Anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kuperuzi kutaenda sawa. Lakini hakuna mtu wa nje atakayefikia kamera au seva yako, hata uandike kanuni usiku kucha. Omba anwani ya umma, au tumia VPN inayoanzishwa kutoka ndani kwenda nje.

Anwani ya umma. Vizuri. Linganisha na karatasi, namba kwa namba.

0.0.0.0 au hakuna kitu. DHCP haikujibiwa. Vifaa vingine vya watoa huduma hukumbuka kadi ya mtandao ya kifaa cha kwanza kuunganishwa na hukataa cha pili. Zima modemu, subiri dakika chache, iwashe, halafu ndipo uwashe ukuta wa moto. Ikigoma bado, nakili anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya ruta ya zamani kwenye ukurasa wa WAN. Na kama mkataba wako ni wa PPPoE, kungoja DHCP ni kupoteza muda. Badilisha aina ya muunganisho na uweke jina la mtumiaji na nywila.

## Hatua ya 4: Elewa maandishi mekundu

Ujumbe wa makosa husomwa haraka kwa hasira. Usome polepole, maana kila mmoja unataja jambo mahususi.

Anwani inatumika au inaingiliana na mlango mwingine. Mitandao miwili inapandana. Angalia pia maski: 10.32.10.1/16 inameza 10.32.20.1/24, ingawa kwa macho ni anwani mbili tofauti.

Anwani ya mtandao haiwezi kutumika. Umeandika ya kwanza au ya mwisho ya kundi. Rudi kwenye hesabu ya 40 na 47.

Lango haliko ndani ya mtandao wa mlango huu. Hili ndilo kosa linalowachosha wengi, na mara nyingi lango halina hatia. Kisanduku cha maski kimeachwa kwenye /32, maana yake mtandao wenye anwani moja tu, yako. Lango haliwezi kuwemo. Badilisha iwe /29 au /30, kama barua ya mtoa huduma inavyosema.

Masafa ya DHCP yako nje ya mtandao. Ulibadilisha LAN ukasahau DHCP.

Onyo moja. Usijaribu kunyamazisha maandishi mekundu kwa kuongeza ukubwa wa maski hadi yakome. /8 itakubaliwa pengine, na baadaye utashangaa kwa nini VPN haifiki kokote.

## Hatua ya 5: Pima kutoka karibu kwenda mbali

Kwenye laptopu, kwa mpangilio huu (`ping` ni amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu):

1. `ping 10.32.10.1`. Isipojibu, tatizo ni kebo, swichi, au maski ya laptopu.
2. `ping 203.0.113.41`, yaani lango la mtoa huduma. Isipojibu, jaribu kutoka kwenye ukuta wa moto wenyewe, menyu ya Diagnostics. Malango mengine yamezimwa yasijibu ping, kwa hiyo tazama pia jedwali la ARP (orodha ya anwani za IP na MAC zake): likionyesha MAC ya lango, mawasiliano yapo.
3. `ping 8.8.8.8`, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Lango likijibu na hii isijibu, ama hujaweka lango kuu, au mtoa huduma hajafungua laini.
4. `nslookup kenic.or.ke`. Ping ya 8.8.8.8 ikipita na hii ikagoma, anwani zako ni nzima; shida ni DNS.

Ukuta wa moto ukifika nje lakini laptopu ikakwama, acha kugusa WAN. Tatizo liko kwenye kanuni za LAN au tafsiri ya anwani kwa trafiki inayokwenda nje, hasa kama mtu aliihamisha kutoka ya kujiendesha kwenda ya mkono na bado inataja mtandao wa zamani.

## Hatua ya 6: Wasake wenye anwani moja

Dalili: intaneti inakuja na kupotea kwenye kompyuta ileile, au printa inachapa asubuhi na kukataa mchana. Vifaa viwili vinagombania anwani.

Mkosaji wa kawaida ni ruta ya Wi-Fi iliyonunuliwa dukani ili "kusukuma mtandao" hadi chumba cha nyuma. Imechomekwa kwa tundu la LAN na DHCP yake bado inagawa anwani. Ingia kwenye ruta hiyo, zima DHCP, ipe anwani ya bure kama 10.32.10.5, na kebo ibaki kwenye tundu la LAN, si la WAN. Hapo inakuwa kisambazaji cha Wi-Fi tu.

Ikiwa hujui kifaa kiko wapi, andika `arp -a` na uangalie MAC ya anwani inayogombaniwa. Jozi tatu za kwanza kwa kawaida hutambulisha kampuni iliyotengeneza kadi. Ukishindwa, chomoa kebo moja moja kwenye swichi huku ping ikiendelea. Ni kazi ya kuchosha, lakini haidanganyi.

Printa na kamera zisiwe na anwani ndani ya masafa ya DHCP. Kwenye karatasi yetu ziko 10 hadi 49, na DHCP inaanzia 100.

## Hatua ya 7: Kagua anwani ndani ya kanuni

Mtandao ukiwa mzima, kanuni bado zinaweza kutaja anwani kimakosa. Haya ndiyo hujirudia:

- Chanzo kimeandikwa 10.32.10.1/32 badala ya 10.32.10.0/24. Umeruhusu ukuta wa moto pekee, si kompyuta.
- Mtu ameweka "WAN net" kama mwisho wa safari, akidhani ni intaneti yote. Ni ule mtandao mdogo wa anwani nane tu. Kwa intaneti, tumia "any", yaani yoyote.
- Kwenye kuelekeza poti (kupeleka maombi ya nje kwa kifaa cha ndani), kanuni ya WAN imetaja anwani ya umma. pfSense hutafsiri kwanza, kisha hukagua kanuni, kwa hiyo inatakiwa anwani ya ndani, kwa mfano 10.32.10.20.
- Kanuni ya kuzuia iko juu ya kanuni ya kuruhusu. Kanuni za mlango husomwa kutoka juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua.
- Kanuni imewekwa kwenye mlango wa kutokea. Iweke mahali trafiki inapoingilia.

Baada ya kubadilisha, futa miunganisho iliyokwisha kufunguka, la sivyo ya zamani itaendelea kupita na utadhani kanuni yako haifanyi kazi. Na ukipima kamera kutoka nje, zima Wi-Fi ya simu utumie bando. Ukipima ukiwa ndani, jibu halina maana.

Kuweka kanuni ya kuruhusu kila kitu kwenye WAN "kwa muda, nione" hakukubaliki. Muda huo haunaga mwisho.

## Hatua ya 8: Ofisi mbili, VPN moja

Tuseme, kabla ya mpango wetu, Nakuru ina 192.168.1.0/24. Kisumu ina 192.168.1.0/24. VPN inaungana, kisha kompyuta ya Kisumu inatafuta printa 192.168.1.50. Inaitafuta hapo hapo Kisumu, kwa sababu maski inaiambia ni jirani. Pakiti haigusi hata ukuta wa moto. Hakuna kanuni itakayotibu hilo. Upande mmoja lazima ubadilishwe anwani.

Ninachopendekeza ni kutumia namba za kaunti. Nakuru ni 032, Kakamega ni 037, Bungoma ni 039, Kisumu ni 042:

- Nakuru: 10.32.0.0/16
- Kakamega: 10.37.0.0/16
- Bungoma: 10.39.0.0/16
- Kisumu: 10.42.0.0/16

Ndani ya kila moja, kata vipande vya /24: 10 kwa ofisi, 20 kwa kamera, 30 kwa wageni. Fundi yeyote akiona 10.42.20.15 kwenye kumbukumbu za ukuta wa moto anajua ni kamera ya Kisumu, na namba za kaunti ziko chini ya mia, kwa hiyo kaunti zote 47 zinaenea. Andika namba bila sifuri ya mbele: 32, si 032. Programu nyingine husoma sifuri hiyo kwa hesabu tofauti na utapata anwani usiyoitarajia.

Kwa WireGuard, aina mojawapo ya VPN, orodha ya anwani zinazoruhusiwa isirudie mtandao mmoja kwa wenzi (vifaa vya upande wa pili) wawili. Ukirudia, mmoja ananyang'anywa kimyakimya.

Umefaulu ikiwa kutoka kompyuta ya Kisumu `tracert 10.32.10.20` inapita 10.42.10.1, kisha VPN, kisha inafika.

## Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Zima na uwashe vyote kwa mpangilio, modemu kwanza, halafu upige simu ukiwa na majibu ya hatua ya 5 mkononi. Uliza mambo matatu: maski kamili ni ipi, kifaa chao kinafunga MAC au la, na kama wanaweza kukiweka katika hali ya daraja ili anwani ya umma ifike moja kwa moja kwenye ukuta wako wa moto. Wakikubali daraja, WAN yako itabadilika papo hapo, na kanuni yoyote iliyotaja 192.168.1.7 itabidi uiandike upya kabla ya ofisi kufunguliwa.